Winda la Nadira

Jumatatu, 3 Novemba

Shule zimefungwa na nyumba imejaa. Nadira hana kazi ila kunizunguka kwenye cherehani akiuliza kila kitambaa ni cha nani. Leo amerudi kutoka madrasa mbio, kiatu kimoja hakijakaa sawasawa. Mwalimu Achieng, yule anayefundisha kuogelea kwenye bwawa kule Nyali, amepita kwa walimu wao akawaambia kuwa kila Jumamosi asubuhi bwawa litakuwa la wanawake na wasichana pekee. Tena tarehe ishirini Disemba kutakuwa na mashindano ya watoto, mbele ya wazazi wote.

"Mama, nataka kuingia mashindano," akasema, kama mtu aliyezaliwa majini. Huyu mtoto ana miaka tisa na maji anayoyajua ni ya ndoo.

Nikamwambia babake. Mansur akaweka kikombe chini, akasema, "Muulize mama." Mansur ukimuuliza kama mvua inanyesha atakwambia umuulize mama.

Basi nikamwendea Bi Kuluthum, mama mkwe wangu. Nyumba hii ya Magogoni, hapa Mombasa, ni yake na neno la mwisho ni lake. Alikuwa kwenye kibaraza cha ndani anachambua mchele, akanisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kuogelea naajifunze," akasema. "Maji yatuzunguka kulla upande, mtoto asiyejua kuogelea ni msiba watungojea. Lakini sikiza, Tima. Hakuna mtoto wa nyumba hini atakayesimama mbele za watu mwili umechorwa na nguo ya kubana. Si wewe fundi? Mshonee."

Nikasema inshallah. Kushona ni kushona, nilijiambia. Nimeshona madera, nimeshona buibui, nimeshona mpaka mapazia ya msikiti.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Buibui mbili na suruali ya mtu mnene. Zile nguo kamili za kuogelea, zenye mikono na miguu, nimeziona dukani. Kwa bei yake, ni za kuangalia tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nikadhani nitaponea kwenye dera. Nilimvika Nadira dera lake la pamba na suruali ndani, tukaenda Nyali. Mwalimu Achieng alitupokea kwa uso mkunjufu, kisha akaishika ile nguo kwa vidole viwili.

"Mama Nadira, usiskie vibaya," akasema. "Pamba hapa haiingii. Inakunywa maji, inakuwa nzito, mtoto anashindwa hata kuinua mkono. Nitafutie kitu kingine tu, ya kuvutika."

Nadira alikaa ukingoni miguu ndani ya maji, akiwatazama wenzake saa nzima. Njiani nikamuahidi kwamba Jumamosi ijayo ataingia. Sijui kwa nini nilikuwa na uhakika hivyo.

Jumanne, 11 Novemba

Jirani yangu Jumwa anauza mitumba soko la Kongowea. Leo amenipitishia furushi la suruali za mazoezi, nyeusi na buluu, akazimwaga juu ya meza yangu.

"Hizi ndizo, dada. Zavutika, hazishiki maji. Nimekutolea zile safi kabla wateja hawajazigusa."

Nikakata mchana kutwa. Mikono mirefu na mipana, sketi pana mpaka magotini, na kila upande nikaacha vidole vitatu vya ziada, kama ninavyoacha kwenye nguo ya mtoto yeyote wa kike. Hapa kwetu ukimwambia fundi akushonee nguo ya heshima, anajua unataka nguo pana. Bi Kuluthum aliipekua ndani na nje, akaipima kwa mikono, akasema, "Sasa hini ni nguo." Nililala nikicheka.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nitaandika yote, maana nisipoandika nitapasuka.

Nadira aliingia majini kwa ngazi, akishikilia chuma, akinitazama. Maji yalipomfika kiunoni, ile sketi yangu pana ikajaa hewa, ikapanda. Ikampita tumbo, ikampita kifua, ikamfunika uso. Mikono nayo ikajaa maji, kila mmoja mzito, akawa anapiga piga kama mtu anayefukuza nyuki. Mtoto wangu alikuwa kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Wasichana wengine wakacheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka kama angekuwa mtoto wa mwingine. Nadira alikunywa maji, akakohoa, na Achieng akaruka na nguo zake akamnyanyua.

Ndani alikuwa na kaptura ya kubana, kwa hiyo hakuna kilichoonekana, alhamdulillahi. Lakini hebu fikiria: nguo niliyoikata pana kwa sababu ya heshima ndiyo iliyompandia mpaka kichwani. Ardhini upana unasitiri. Majini upana unavua nguo. Miaka yote hii nimekaa Mombasa na hilo sikulijua, na Bi Kuluthum naye aliipitisha kwa mikono yake miwili.

Njia nzima Nadira alilia. "Sirudi," akasema. "Wataniita mwavuli."

Jumapili, 16 Novemba

Nadira hasemi na mimi. Ameweka ile nguo chini ya meza ya cherehani, mahali ninapoweka miguu.

Jumanne, 18 Novemba

Jumwa ameniletea nguo kuukuu ya kuogelea ya mtoto wa kizungu, imechanika begani. Nikaifumua mshono kwa mshono kwa wembe. Kumbe mishono yao haiendi moja kwa moja, inakwenda kushoto na kulia kama njia ya siafu, ndiyo sababu nguo ikivutwa uzi haukatiki. Cherehani yangu ni ya mamangu, Mungu amrehemu, na inajua njia moja tu, mbele. Nilishona kipande nikakivuta, uzi ukakatika. Nikashona kingine, ukakatika. Nikaitukana cherehani maneno ambayo mamangu angenizabia kofi.

Alasiri nikajaribu kukivuta kitambaa kwa mikono miwili huku sindano inapita, mguu ukienda polepole, na uzi nikaweka wa nailoni. Nikakiachia, kikarudi kikakunjamana. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Uzi ulishika! Nilipiga kelele mpaka Bi Kuluthum akauliza kama nimejidunga sindano.

Jumamosi, 22 Novemba

Nguo ya pili: imebana kuanzia shingoni mpaka vifundoni, bila sketi, na kofia ya kichwa imeshonewa humo humo. Nadira alikataa kuijaribu. Kisha akaijaribu msalani, kisha nikamsikia anarusha mikono na kucheka peke yake. Alitoka anaruka.

"Ndoo hapa nikuone," akamwita Bi Kuluthum.

Nadira akasimama mbele yake. Bibi akamtazama mbele, akamgeuza, akamtazama nyuma. Kisha akanitazama mimi.

"Tima. Huyu hukumvika. Umempaka rangi."

Nilimweleza mambo ya maji, na pana na nyembamba. Nilieleza sana. Mwishowe akakata shauri: siku za wanawake pekee aivae na ajifunze, lakini tarehe ishirini, mbele ya wanaume na simu zao, haitavaliwa. Ama nishone nyingine, ama mtoto hashindani.

Tulifika Nyali tumechelewa. Lakini aliingia! Alitia kichwa ndani ya maji, akatoka, akatia tena. Achieng alinifuata akaniambia, "Huyu ako na pumzi. Nimemwandika mashindano, mwendo mmoja wa bwawa." Sikumwambia kwamba hana nguo ya siku hiyo.

Jumatatu, 24 Novemba

Joto limeanza. Pazia moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimejaribu sketi fupi juu ya ile ya kubana. Bi Kuluthum: "Yapanda." Nikajaribu sketi nyembamba. "Yachora." Nikajaribu yenye lastiki chini. Nadira akaivaa akaniambia hawezi kufungua miguu. Nina mama mkwe ambaye hajapata kushika sindano, na anajua kasoro ya kila mshono.

Jumamosi, 29 Novemba

Nadira amevuka nusu ya bwawa bila kushika. Mimi nimekaa ukingoni na taulo, natabasamu, moyoni nalia.

Jumatano, 3 Disemba

Joto la kaskazi hasa. Vipande vya leso za kanga vilivyobaki nimevishona kofia za jua zenye ukingo mpana, na mikoba ya kufunga kwa kamba ya kubebea nguo mbichi. Nadira alivaa moja kwenda dukani. Kufika magharibi watoto wa kichochoro chote walikuwa mlangoni wakitaka na wao, na mmoja akaja na leso ya mamake ambayo sina hakika mamake anajua. Nimeshona mpaka sindano imekuwa moto. Ningefurahi zaidi kama tarehe ishirini isingekuwa inakaribia.

Jumamosi, 6 Disemba

Aibu nyingine. Nilijiambia, kama sketi inapanda, basi niitie uzito. Nikashonea kwenye pindo vile vijirisasi vya mshipi wa kuvulia. Sketi haikupanda, ni kweli. Ila mtoto naye hakupanda. Achieng alimvuta kwa mkono akaniuliza, kwa upole mkubwa, kama nilikuwa na nia ya kumvulia samaki.

Jumanne, 9 Disemba

Leo nimemkosea adabu mama mkwe, na limezaliwa jambo.

Asubuhi alisimama nyuma yangu tena. Nilikuwa nimeshona sketi ya saba au ya nane, sijui tena. Akaishika pindo, akasema, "Yapanda hini pia." Joto, jasho machoni, uzi umenasa, na Nadira yuko mlangoni anasikiliza.

"Basi mama," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa, "nishonee wewe!"

Nadira akatoweka. Mansur aliyekuwa anafunga kamba za viatu akatoka na kiatu kimoja. Bi Kuluthum akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na mimi nikabaki nafumua uzi ulionasa, najua leo nitarudishwa kwetu.

Baada ya alasiri akatoka, leso mkononi. Akanisimamia.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Akanifunga ile leso kiunoni juu ya dera langu. Kisha akainama, yeye na magoti yake mabovu, akaishika ncha ya chini, akaipitisha katikati ya miguu yangu, akaivuta kwa nyuma akaitia kiunoni kwa nguvu. Mbele ikabaki imening'inia kama sketi, imeficha kila kitu. Chini imefungwa.

"Sisi tulikuwa wasichana wazima," akasema, "na pale pwani ya Junda maji yakijaa hakuna atuzuiaye. Waume wapita ndiani na mama zetu watutazama. Wadhani twaogelea na leso yapepea? Twapiga winda. Ukiruka haipandi. Ukipinduka kichwa tini haipandi. Miguu wazi, mwili umesitirika. Mato ya watu hayaoni kitu ila leso."

"Mama, wewe waogelea?"

"Hukuniuliza," akasema. "Wewe wajua kushona tu."

Nilicheka, na machozi yakanitoka humo humo. Nikamshika mkono nikambusu, nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha, nishike mkasi. Tangu niolewe nimemwona mwanamke huyu kama ukuta uliojengwa kunizuia mimi, na siku zote hizo alikuwa amekaa na jibu, ananingoja nimuulize jambo lolote.

Sketi haitakiwi kuwa wazi chini! Hilo tu! Ubavuni niache mipasuo ili maji yatoke, chini katikati nipitishe kipande kiunganishe mbele na nyuma, pindo nilibane kwenye paja. Nimekata kabla ya magharibi.

Jumatano, 10 Disemba

Bi Kuluthum ameleta kiti chake kando ya cherehani. "Vuta zaidi hapo." "Kaza." "Hapo umekosa." Amesema kweli mara zote, isipokuwa moja, na hiyo sikumwambia.

Ijumaa, 12 Disemba

Sikukuu ya Jamhuri. Tumeshona mpaka adhana ya Ijumaa na baada yake. Buluu na nyeusi, na kando ya mipasuo utepe wa rangi ya chungwa. Utepe ni wazo la Nadira.

Jumamosi, 13 Disemba

Bi Kuluthum amekuja Nyali mwenyewe, kwenye tuktuk, amevaa buibui mpya. Nadira akaruka. Sketi ikatulia pale pale. Akavuka bwawa zima, akageuka, akarudi akipiga miguu. Ikatulia. Nilimtazama mama mkwe wangu, naye alikuwa amesimama ukingoni kabisa, kidole kinafuata kichwa cha mtoto kinapozama na kuibuka.

"Alaa," akasema. "Alaa!"

Achieng akaishika ile nguo ikiwa mbichi, akaigeuza ndani nje. "Mama Nadira, nani amekufundisha hii?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Bi Kuluthum akajifanya anatazama upande mwingine.

Alhamisi, 18 Disemba

Joto. Sina usingizi. Nimekagua kila mshono kwa kuuvuta.

Jumamosi, 20 Disemba

Watu walijaa kama harusi. Wazazi kutoka Nyali na watoto wao wenye miwani ya maji, kina mama wa Junda na Kisauni, wanaume wamekaa upande wao, simu zimeinuliwa. Nadira alikuwa amesimama kwenye mstari wa wenzake, nguo yake buluu na nyeusi, utepe wa chungwa unang'aa. Mansur alikuja! Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kutoka mambo yakiharibika.

Mwamuzi, kijana mmoja aitwaye Maxwell mwenye filimbi shingoni, akapita akiwakagua watoto. Alipofika kwa Nadira akasimama. Akamwita Achieng.

"Huyu hawezi kuingia. Ako na sketi. Sketi inaweza kumnasa miguu, mimi ndio nitaulizwa."

Achieng akamweleza. Akatikisa kichwa. Nikasogea nikamweleza na mimi, na nilipoanza kusema mipasuo na pindo, Maxwell akasema, "Pole mama, usalama ni usalama." Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuwa mtu mbaya na alikuwa anamtoa mtoto wangu. Nadira alitoka kwenye mstari. Hakulia. Alishika utepe wa nguo yake akaanza kuuzungusha kwenye kidole.

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Bi Kuluthum alikuwa anakuja kando ya bwawa kwenye sakafu mbichi, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akasimama mbele ya Maxwell, akamfika kifuani.

"Mwanangu, huamkii?"

Maxwell akashtuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe waogopa nguo itapanda imnase. Na mimi nilikuwa naogopa hilo hilo. Nilikuwa mkali kukushinda. Muulize huyu." Akanionyesha mimi. "Sasa usimtazame akiwa mkavu. Mtazame majini. Ikipanda hata kidole, nitamtoa mwenyewe, twende zetu nyumbani."

Maxwell akamtazama Achieng. Achieng akainua mabega. "Dakika moja tu, Maxwell."

"Nadira!" akaita bibi yake, na bwawa zima likasikia. "Ingia. Pinduka, kichwa tini!"

Mimi nilishika kinywa. Yule yule aliyesema hakuna mtoto wa nyumba hii atakayesimama mbele za watu! Nadira akaruka kule kwenye kina kifupi, akazama, na miguu yake miwili ikaibuka juu ya maji, imenyooka, vidole vinaangalia mbingu. Na sketi imekaa. Imekaa kwenye mapaja kama imegandishwa, maji yanamwagika kwenye mipasuo, hakuna kilichopanda, hakuna kilichonasa. Akaichezesha miguu kama mkasi, makusudi, mtundu yule. Wanawake wa Junda wakaanza kupiga makofi. Mama mmoja wa Nyali akasimama kwenye kiti ili aone.

Maxwell akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa. "Sawa, bibi. Sawa. Arudi kwenye mstari."

Filimbi ilipolia sikuona kitu, maana nilikuwa nimefumba macho. Jumwa, aliyefunga kibanda chake ili aje, alikuwa ananifinya mkono na kunisimulia: "Yuko nyuma. Yuko nyuma, dada. Amepita mmoja. Amepita yule wa kofia nyekundu. Fungua macho, wewe, fungua!" Nikafungua. Nadira alikuwa anarusha mikono kama siku ile msalani, anacheka au anavuta pumzi, sijui, na mkono wake ukagusa ukuta kabla ya mikono mingine yote.

Wa kwanza. Mtoto wangu. Wa kwanza!

Kigelegele kilichopasua mahali pale hakikuwa changu. Kilitoka kwa Bi Kuluthum, kirefu, hakikatiki, na kina mama wote wakakipokea mpaka na wasiojua kupiga vigelegele wakajaribu. Mansur alikuja mbio kutoka mlangoni analia waziwazi, na hakumuuliza mama yake kama inafaa.

Jumapili, 21 Disemba

Tumelala mpaka jua limepanda. Pilau.

Jumamosi, 27 Disemba

Kibaraza kimejaa. Watoto wa madrasa, watoto wa Nyali wanaoshushwa na magari, binti mmoja wa kanisani ambaye mamake amesema naye anataka kuogelea bila kushika shika nguo. Wote wanauliza "ile ya winda". Bi Kuluthum amekaa kwenye kiti chake anawaambia ni mshono wake. Mara ya kwanza nilikunja uso. Mara ya tatu nikaitikia, "Ndiyo, ni wake, mimi nashona tu." Jumwa hana tena suruali za mazoezi, zote ziko kwangu.

Jumamosi, 3 Januari

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo ilikuwa asubuhi yetu ya wanawake ya mwisho kabla ya muhula, na wasichana walikuwa wengi majini, utepe wa kila rangi.

Nimezaliwa Magogoni. Bahari nimeiona kila siku ya maisha yangu na maji hayajanipita magoti. Wiki nzima nilikuwa na kipande cha kitambaa cheusi nilichokuwa nakishona kidogo kidogo baina ya nguo za watu, na kila aliyeuliza ni nguo ya nani nilimwambia ya mteja. Leo niliivaa. Nilishuka kwa ngazi, nimeshika chuma kwa mikono miwili, na maji yakanifika kiunoni, kisha kifuani, baridi. Bi Kuluthum ukingoni alikuwa anapaza sauti, "Achia chuma, Tima! Achia!"

Nadira akaja mbele yangu. Akanipokea mikono yote miwili, akaiachisha chuma kidole kwa kidole, akatia kiganja chake kidogo chini ya mgongo wangu.

"Mama, lala," akasema. "Nimekushika."

Nikalala.